Watu Wanne, Jibu Moja

Uvumi ule Benter aliupata Chaka siku ya soko, ameinama juu ya rundo la vitunguu, na tangu hapo ukamganda kama kupe. Aliyemletea ni jirani yake wa Gatitu, Warigia, mama wa kuuza mboga, mwanamke ambaye hajawahi kubeba habari nusu.

"Mama Shirleen, umesikia hiyo maneno ya watoto wanasomea uafisa wa watoto?" Warigia alisema huku akibonyeza vitunguu. "Ati wanachimbwa mpaka utotoni. Ukipatikana ulilala rimandi hata siku moja, hata kama ulikuwa kitoto, wanangoja ile siku ya kupewa cheti, halafu wanakusimamisha mbele ya wenzako na kukuvua koti. Dada ya shemeji yangu aliona na macho yake."

"Aliona wapi?"

"Aliona tu. Wewe nunua vitunguu. Mbona umekauka?"

Benter akanunua vitunguu. Alipofika nyumbani ndipo alipotambua kwamba nusu yake vimeoza, yeye ambaye wauzaji wa Chaka humwita Mama Mkaguzi kwa vile anavyogeuza kila kitu mara tatu kabla ya kukitia kwa kikapu.

Shirleen alikuwa mtoto wake wa pekee. Miaka ishirini na mitano, diploma ya ustawi wa jamii, na sasa ni mwezi wa tano tangu atumwe upande wa Meru kujifunza kazi: kuwapokea watoto walioshikwa na polisi, kukaa nao, kwenda kwao kuuliza wanaishije, na kuiandikia korti ripoti ili hakimu ajue kama mtoto arudishwe kwa mamaye au apelekwe kwingine. Kazi hiyo haiingiliwi hivi hivi. Kwanza alipeleka alama za vidole akapewa cheti cha tabia njema. Kisha wiki kumi na mbili darasani: sheria ya watoto, huduma ya kwanza, namna ya kumshika mtoto aliyepandwa na hasira bila kumuumiza, namna ya kuandika ripoti isiyotiwa chumvi. Kisha miezi sita kituoni chini ya msimamizi, na daftari ambalo kila alichofanya lazima kitiwe sahihi. Ndani ya miezi hiyo hakuna kwenda nyumbani ila kwa msiba. Na mwisho kabisa, kabla ya cheti, mtu wa kamati ya vyeti huja hadi kwenu, akakaa na mzazi na majirani, akauliza: huyu mnamjua vipi?

Mlima ulikuwa katikati yao. Benter aliuona asubuhi akiwa kwenye kona ya ploti ya nyumba za kupanga, karibu na kamba za nguo, mawingu yakikubali. Shirleen aliuona kutoka upande wa pili, kwenye dirisha la bweni.

"Leo umeuona?" Shirleen angeuliza kwa simu.

"Nimeuona. Theluji iko kidogo."

"Huku haionekani kabisa, ni wingu tu."

"Basi nitauona kwa niaba yako."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na hapo ndani kulikuwa na kila kitu. Benter hakuwa mtu wa kumlilia mtoto kwa simu. Lakini aliendelea kutoa vikombe viwili kila alipopika chai, akakirudisha kimoja. Slipa za Shirleen zilikaa mlangoni, za rangi ya samawati, kisigino kimeliwa upande mmoja, na kila Jumamosi alizifuta vumbi na kuzirudisha pale pale, vidole vikielekea ndani kama za mtu aliyeingia sasa hivi. Alikuwa ameshona gauni la siku ya cheti. Lilining'inia nyuma ya mlango, halijavaliwa.

Kwa hivyo uvumi wa Chaka haukuangukia mahali patupu. Kwa sababu kulikuwa na jambo.

Shirleen akiwa na miaka kumi na mitatu, yeye na wasichana wengine wawili waliiba sweta kumi na moja katika duka la yunifomu mjini Nyeri, Jumamosi tatu mfululizo, wakawauzia wenzao shuleni. Walishikwa. Baba yake, Wasike, alikuwa askari wa kituo hicho hicho walikopelekwa, na mkubwa wake alimwita kando akamwambia, chukua mtoto uende naye, tutamaliza kinyumbani. Wasike akakataa. Alisema, "Apite njia wanayopita watoto wa wenzangu." Njia hiyo ilikuwa siku kumi na tisa katika rimandi ya watoto, mahabusu ya kungojea kesi. Siku kumi na tisa Benter alienda hadi geti na kurudi. Mumewe hakumsemesha kwa mwezi, au labda yeye ndiye hakumsemesha mumewe, sasa hakumbuki.

Kilichomrudia kutoka kule ndani kilikuwa msichana mwingine, mtulivu, aliyezungumza juu ya afisa mmoja aitwaye Murugi. "Mum, wote walikuwa wanauliza nilifanya nini. Yeye aliniuliza kama nimekula." Kesi ilipoisha, Murugi huyo alimshika mtoto mkono akampeleka mpaka kwenye duka la yunifomu kuomba msamaha. Mwenye duka, mama wa Kihindi aitwaye Manorama, akamwambia aje kila Jumamosi amsaidie kukunja sweta mpaka muhula uishe. Muhula uliisha, Shirleen akaendelea kwenda. Baadaye Manorama alimpa Benter kazi ya kupinda sketi za shule nyumbani kwa cherehani, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha mpaka leo, kwa kuwa Wasike yuko kituo cha Mukurweini na huja mwisho wa mwezi.

Familia ilihama kutoka laini ya polisi, nyumba za askari, ikaja Gatitu, mahali ambapo hakuna aliyejua. Jambo lile likazikwa. Benter ndiye aliyelishindilia udongo.

Siku tatu baada ya soko, Shirleen alipiga simu, na safari hii hakuulizia mlima.

"Mum, Jumatano ijayo kuna mtu anaitwa Mwai atakuja huko. Ni wa kamati."

"Anakuja kuuliza nini?"

"Tumekatazwa kuongea na nyinyi juu ya fomu zetu mpaka mmalize kuulizwa. Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja tu. Jibu vile mambo yalivyo."

"Na yale mambo ya..."

"Mum. Si nimesema tumekatazwa? Vile yalivyo. Usinisaidie."

Benter alibaki ameshika simu iliyokatika. Usinisaidie. Mtoto aliyembeba mgongoni kutoka Homa Bay mpaka baridi ya Nyeri anamwambia usinisaidie. Akaona vile atakavyovuliwa koti. Aliona hata vifungo vikifunguliwa kimoja kimoja, mikono ya mtu asiyemjua, watu wakitazama. Laiti angalikaa chini akamuuliza mumewe, angaliambiwa ajibu ukweli, kisha akae kimya. Ndiyo maana hakumuuliza.

Alianzia kwa mwalimu Kyalo, mlango wa tatu, mtu wa Machakos anayefundisha shule ya msingi.

"Mwalimu, kuna mtu atakuja kuuliza habari za Shirleen. Nataka useme tu kwamba umemjua tangu yuko darasa la tatu, na hajawahi kuwa na shida na polisi."

"Lakini mimi nilikuja hapa miaka sita iliyopita, mama. Alikuwa ameshamaliza sekondari."

"Miaka sita si ni mingi? Kwani darasa la tatu ni mbali sana?"

Kyalo alicheka. Hakuwa na habari ya lolote lililofichwa. Yeye alimjua Shirleen kama binti aliyemfundishia mtoto wake hesabu bila malipo. Alichokosea Benter machoni pake ilikuwa lugha tu. "Usiseme 'hajakuwa na shida na polisi', hiyo inatia watu shaka. Sema, 'Ni binti mwenye maadili ya kupigiwa mfano, na hajapata kuhusika katika jambo lolote la kutia aibu.' Hapo umefunga."

Benter akaipenda. Aliiandika, pamoja na ile ya darasa la tatu, kwenye karatasi ya kaki anayokatia mitindo ya nguo, akarudia mara tatu kwa vipande vitatu, akaenda kugawa. Warigia alipokea chake akakitia ndani ya kitambaa cha pesa. Mburu, kijana wa bodaboda anayeegesha pikipiki chini ya ngazi, alisoma akakuna kichwa.

"Mama, hii Kiswahili ya mwalimu itanivunja taya. Siwezi sema tu Shirro ni poa?"

"Soma ilivyoandikwa."

"Ya kupigiwa mfano. Harafu nani anapigwa?"

"Mburu!"

"Sawa, sawa mathe, nimeshika. Kupigiwa."

Alibaki Manorama, na huyo ndiye aliyejua. Benter alimpelekea sketi ishirini zilizopindwa, akangoja mpaka wateja wakatoka. Duka lilinuka vitambaa vipya kama siku zote. Manorama alikuwa juu ya ngazi fupi, akipanga kaptura, miwani imening'inia shingoni.

"Mama Yash, nina ombi. Ukija kuulizwa juu ya Shirleen, sema humjui. Au sema unamjua kama mtoto wa fundi wako, basi."

Manorama akashuka polepole. "Yule bwana Mwai amenipigia jana. Anakuja Jumatano kabla ya kuja kwako."

Benter akamsogelea. "Amepata wapi jina lako?"

"Hakuniambia, na sikumuuliza."

"Kumbe miaka hii yote umeweka hiyo kitu moyoni. Umengoja mtoto akaribie kuinuka ndiyo umrudishe chini."

"Wewe mama, keti kwanza."

"Siketi. Nakuomba tu useme humjui."

Manorama alichukua sweta moja kutoka kwa kaunta, akaikunja, mikono kifuani, shingo juu, vile anavyozikunja zote. "Nikisema simjui, zile Jumamosi zote alizokunja sweta hapa nitaziweka wapi? Mimi nilimjua akiwa mwizi, nikamjua akiacha. Wewe unataka niseme nusu gani?"

Benter aliusukuma mfuko wa sketi nyingine ishirini aliokuwa amewekewa tayari. "Tafuta mtu mwingine azipinde," akasema, akatoka. Njia nzima ya kurudi Gatitu alikuwa akimlaumu Manorama kimoyomoyo, na hata mara moja hakujiuliza swali lile alilouliza mwenyewe: amepata wapi jina lako? Ni nani aliyekuwa na jina hilo la kumpa mtu wa kamati? Hasira na hofu zikikaa kiti kimoja, hazimwachii mtu mahali pa kufikiria.

Jumatano mlima haukuonekana. Mwai alikuja saa nne, mtu mwembamba mwenye koti la mvua na faili chini ya kwapa. Benter alikuwa amepika chapati na kuku. Mwai alishukuru akaomba maji tu.

"Haturuhusiwi kula kwa watu tunaowauliza, mama. Hata binti yako amefundishwa hivyo."

Aliwauliza mmoja mmoja, nje kwenye baraza, na Benter akiwa ndani karibu na cherehani alisikia kila neno. Mwalimu Kyalo alitiririka vizuri, darasa la tatu na yote. Warigia naye, bila kukosea nukta: binti mwenye maadili ya kupigiwa mfano, na hajapata kuhusika katika jambo lolote la kutia aibu. Akaja Mburu.

"Shirro, yaani Shirleen, ni binti mwenye maadili ya kupigiwa... ya kupigiwa... mfano. Na hajapata kuhusika. Kwa aibu. Aibu yoyote."

"Umemjua tangu lini?"

"Darasa ya tatu."

"Wewe una miaka mingapi, Mburu?"

"Ishirini."

"Kwa hivyo yeye akiwa darasa la tatu, wewe ulikuwa na miaka mitatu."

Kisha Mburu akasema, "Nilikuwa naona vizuri," na Benter akafunga macho.

Mwai aliingia ndani, akaketi, akageuza ukurasa mpya. "Sasa mama. Binti yako aliwahi kushikwa, au kuwekwa mahali kwa amri ya korti, akiwa mtoto?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na mtu mpole ameushikilia. Benter alitazama gauni nyuma ya mlango wa chumba.

"Hajawahi," akasema.

"Hajawahi hata siku moja?"

"Hajawahi."

Mwai aliandika. Aliandika polepole, kama mtu asiyependa anachokiandika. Kisha akatoa karatasi ndani ya faili akailaza juu ya cherehani. Ilikuwa fomu, na mwandiko Benter aliujua kabla ya kusoma, zile herufi za kuegemea kushoto. Alisoma kwa kidole:

*Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikaa rimandi ya watoto siku kumi na tisa. Niliiba. Afisa aliyenipokea aliniuliza kama nimekula. Ndiyo sababu naomba kazi hii. Anayeweza kueleza nilivyokuwa kabla na baada ni mama mwenye duka niliyemwibia.* Na chini yake, jina la Manorama na namba yake ya simu.

"Mnamvua koti lini?" Benter aliuliza.

"Koti gani?"

"La kazi. Mbele ya wengine."

"Mama, sisi hatuna koti." Mwai alivua miwani akaifuta. "Nani alikuambia mtoto aliyepitia huko hawezi kuchukuliwa? Tunachotafuta ni kama mtu mzima anaweza kusema alikopita bila kukunja maneno. Yeye aliweza. Karatasi hii ndiyo ilikuwa nguvu yake."

"Basi andika nimebadilisha. Alikaa siku kumi na tisa. Nilikuwa nahesabu, naweza kukuambia kila siku nilivaa nini."

"Nitaandika. Lakini nitaandika yote mawili, la kwanza na la pili." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Kazi ya binti yako itakuwa kukaa kwenye baraza kama hili na kuuliza majirani. Nikikuta watu wanne wana jibu moja, najua kuna mtu amepita kabla yangu. Kamati itauliza: nani alimtuma, binti mwenyewe? Na akikutana na mama mwingine anayeogopa kama wewe, ripoti yake ataiinamisha upande gani? Mimi sina jibu la hilo. Ningekuwa nalo, ningekusaidia."

Alipoondoka, chapati zilikuwa zimepoa. Mburu alikula mbili akaomba msamaha, ingawa hakujua anaombea nini.

Wiki mbili hakuna simu. Benter alisimama kwenye kona ya kamba za nguo kila asubuhi. Mlima ulitoka mara nne, na kila ulipotoka ulikuwa mlima tu, hauna mtu wa kuambiwa. Alijua wenzake Shirleen wamepewa vyeti siku ya Ijumaa, kwa sababu Warigia alisikia. Alitoa vikombe viwili. Akakirudisha kimoja.

Simu ilipolia alikuwa amepiga magoti akifuta slipa.

"Mum," Shirleen alisema. "Umekula?"

Benter alitaka kusema ndiyo, akashindwa. Alilia mpaka akasikia aibu, na upande wa pili mtoto wake alingoja, hakumkatiza, hakumharakisha, vile mtu aliyefundishwa kazi yake anavyongoja.

"Hawakunifukuza," Shirleen alisema hatimaye. "Ile fomu ilinisimamia. Na Mama Yash aliongea na Mwai saa nzima, ati alimwonyesha mpaka vile nilikuwa nakunja sweta. Lakini cheti kimeshikwa. Narudia miezi sita chini ya msimamizi mwingine, wanione nikiandika ripoti za watu nisiowajua."

"Wapi?"

"Garissa. Naondoka Jumatatu."

"Hupitii nyumbani?"

"Sheria ni ile ile, Mum. Mpaka miezi iishe."

"Mimi ndiye nimekufanyia hivi."

Shirleen hakusema hapana. Alikuwa ameapa kutokunja maneno. "Ulikuwa unanitaka nyumbani," akasema. Kisha akaongeza: "Huko mlima hauonekani. Itabidi uwe unaniambia."

"Nitakuwa nakuambia."

Kesho yake Benter alienda mjini. Manorama alikuwa kwenye kaunta. Hakumuuliza kitu. Aliinama akatoa ule mfuko wa sketi ishirini, haujafunguliwa, fundo ni lile lile, akauweka mbele yake. "Shule zinafunguliwa Jumatatu," alisema. "Umenichelewesha."

Benter alizipinda zote kwa siku mbili. Jumatatu hiyo alitoka mapema. Mlima ulikuwa wazi mpaka kwenye mawe yake meusi, na theluji imeshuka chini kuliko alivyowahi kuiona. Alipiga simu. Haikuingia, pengine tayari walikuwa njiani mahali pasipo na mtandao. Alisimama na simu sikioni mpaka wingu likafunga.

Mwezi uliofuata, mama mmoja wa kanisani, Mercyline, alikuja na furaha kwamba kijana wake Chris ameitwa kusomea kazi hiyo hiyo. "Mama Shirleen, wewe umepitia. Niwaambie majirani waseme nini?"

Benter alivuta karatasi ya kaki, akaandika kwa kalamu ya chaki ya kushonea, herufi kubwa ili zisomeke:

Usipite kwa majirani kabla ya mtu wa kamati.

Usimwandikie mtu jibu. Mwalimu asirekebishe.

Usiseme mtu amemjua mtoto miaka ambayo hakuwepo.

Usiseme "hajawahi". Kama hujui, sema hujui. Kama unajua, sema.

Usifiche yaliyompata akiwa mdogo. Huenda ameshayaandika mwenyewe.

Usigombane na mtu anayekataa kusema uongo kwa ajili yako.

Usibebe habari ya soko mpaka nyumbani. Muulize aliyeona aliona wapi.

Usipike kuku. Hawali.

Usimfiche baba yake jambo lolote.

Akikuambia usimsaidie, usimsaidie.

Usihesabu siku kwa sauti ukiwa naye kwa simu. Yeye pia anazihesabu.